Mwenzi na Mzigo

Cha kwanza husifiwa kwa kuwa cha kwanza. Cha pili hakina budi kujitafutia sifa yake chenyewe. Hadithi iliyopendwa ikiongezewa sehemu ya pili, wasikilizaji hukusanyika kwa hamu na kwa shaka pia. Hamu ni ya kuonja tena utamu walioupata mwanzo. Shaka ni kwamba huenda msimulizi amebakiwa na sauti tu, na maneno yamemwishia. Shaka hiyo si ya bure. Mara nyingi sehemu ya pili huwa ni ile ile ya kwanza iliyotiwa maji ili ijaze chungu kikubwa zaidi. Lakini hutokea, kwa nadra, cha pili kikakipita cha kwanza. Na jambo hilo likitokea lastahili kuulizwa sababu, kwa kuwa ndani yake mna funzo juu ya kusimulia, na funzo juu ya kuishi na watu.

Katika Moshi swali hili lina mfano ulio wazi mbele ya macho. Wako watu, mjini na katika vijiji vya mteremkoni, Marangu na Machame na Kibosho, ambao kazi yao ni kuupanda mlima ule ule mara kwa mara, wamejitwika mizigo ya wageni. Wapagazi hawa huitwa wagumu, na jina limewafaa. Mgeni hupanda mara moja, akapigwa picha kileleni, akaenda zake; mgumu hupanda mwezi huu akapanda na mwezi ujao. Kwa mgumu safari ya pili si fupi kuliko ya kwanza, wala mlima haukupungua hata shubiri moja. Kilichozidi ni maarifa. Ajua upepo mkali huanzia wapi. Ajua jiwe lifaalo kuketiwa. Na zaidi ya yote ajua kwamba yumo katika kila kundi mtu afichaye maumivu ya kichwa mpaka aanguke. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kuwatazama walio njiani. Kauli hii ndogo ndiyo itakayoiongoza insha hii, ingawa mada yake, kwa mtazamo wa kwanza, yaonekana iko mbali na mlima: mchezo mmoja wa kompyuta, na mchezo wa pili ulioufuata.

Msomaji asikunje uso upesi. Ngano nazo zilipata kudharauliwa, zikaitwa maneno ya bibi na wajukuu, mpaka wataalamu walipoziandika na kuona hazina iliyokuwamo. Mchezo wa kuvaa uhusika ni ndugu wa ngano. Mchezaji hutwaa nafsi ya mtu wa kubuni, akaamua mtu huyo aseme nini, aende wapi, amsaidie nani na apigane na nani. Asili yake ni mezani, si kwenye kompyuta. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo mmoja husimulia, wengine hujibu kila mmoja kwa niaba ya mhusika wake, na dadu hukata shauri panapokuwa na mashaka. Aliyelelewa katika ngano za Kiafrika, ambamo wasikilizaji huitikia na kupokea wimbo, hataona ugeni mkubwa. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji amepewa ruhusa ya kubadili njia ya shujaa.

Madaktari watatu wa tiba wa mji wa Edmonton, nchini Canada, Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip, walianzisha mwaka 1995 kampuni iitwayo BioWare. Mwezi wa Desemba mwaka 1998 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa kompyuta uliofuata kanuni za mchezo ule wa mezani, jina lake Baldur's Gate. Mwezi wa Septemba mwaka 2000 ikatoa wa pili, Baldur's Gate II: Shadows of Amn. Michezo hii miwili ndiyo itakayopimwa hapa, kwa kuwa wa pili ni mfano safi wa sehemu ya pili iliyoishinda ya kwanza, na kwa kuwa sababu ya ushindi wake aghalabu hutajwa visivyo.

Mchezo wa kwanza unasimulia habari za yatima aliyelelewa na mzee Gorion katika ngome ya vitabu iitwayo Candlekeep. Usiku wanaoondoka ngomeni mzee anauawa, na yatima anabaki njiani pasipo kujua ni nani anayemwinda wala kwa nini. Hatimaye anagundua kwamba yeye ni mzao wa Bhaal, mungu wa mauaji aliyekwisha kufa, na kwamba adui yake, Sarevok, ni ndugu yake wa baba mmoja. Katika kuhangaika kwake mchezaji aweza kufuatana na wenzi watano, na nchi nzima imetawanywa watu 25 awezao kuwachagua.

Haki itendeke kwa mchezo huu. Una uzuri ambao wa pili haukuweza kuurudia, nao ni uzuri wa unyonge. Mchezaji huanza hana kitu, na mbwa mwitu mmoja porini aweza kumaliza maisha yake. Kila hatua mbali na barabara ni ujasiri. Nchi ni pana, misitu ni kimya, na mtu hujifunza adabu ya kutazama kabla ya kuingia. Wengi walioupenda waliupenda kwa hofu hiyo, na hofu ya mwanzo haina mara ya pili.

Walakini mchezo huo una upungufu mmoja mkubwa, na upungufu huo umo katika wenzi. Mchezaji anakutana nao njiani. Wanasema maneno mawili matatu ya kujieleza, wanaingia kundini, na tangu hapo wengi wao hawana la kusema ila vijisentensi vichache vinavyojirudia kama kengele. Thamani yao ni nini basi? Huyu ni hodari wa upinde, yule ajua dawa ya majeraha, wa tatu ana nguvu za kubeba. Kanuni za mchezo humpa kila mmoja kadiri ya uzito awezao kuuchukua, na akizidishiwa huenda polepole, akizidishiwa tena hasogei kabisa. Kwa hiyo mchezaji hujikuta akiwahesabu wenziwe kwa mabega yao. Mmoja akifa, humvua deraya, hugawa mali yake, na kumtafuta mwingine njia panda. Hata katika mapango membamba wenzi hao huzuiana njia na kuzunguka ovyo, mpaka mchezaji akawakasirikia kama mtu aikasirikiavyo mizigo iliyofungwa vibaya.

Laiti mgumu wa Marangu angekaa mbele ya mchezo huu jioni moja, pengine asingeshangazwa na mazimwi wala na uchawi. Angeutambua mpango mara moja: hapa yupo msafiri mmoja mwenye jina na habari zake, na hapa wapo wapagazi watano. Angejua pia lililofichika nyuma ya ukimya wao, kwamba mpagazi hanyamazi kwa kuwa hana la kusema. Hunyamaza kwa kuwa hakuulizwa.

Si kweli kwamba mbegu ya wema haikuwamo. Khalid na Jaheira, mume na mke, huingia kundini pamoja, na mmoja akiachwa wa pili huondoka naye. Minsc, mpiganaji mwenye akili za kitoto na mnyama mdogo wa jamii ya panya amchukuaye kila aendako, huomba msaada wa kumwokoa bibi Dynaheir, aliye chini ya ulinzi wake. Na msaada ukicheleweshwa sana, humgeukia mchezaji kwa upanga. Watu waovu nao hulalamika sifa ya kundi ikizidi kuwa njema, na mwisho huenda zao. Mbegu ilikuwamo, ila haikutiliwa maji. Kazi ya mchezo wa pili ilikuwa ni kuinywesha.

Wausifuo mchezo wa pili kwa kawaida huanza na ukubwa wake. Husema kwamba picha zake zimeongezeka ukubwa; kwamba kila kazi, ya upiganaji, ya uganga au ya wizi, imetolewa matawi mapya; kwamba katika mchezo wa kwanza alama za uzoefu zilikoma kwenye 89,000, hali katika wa pili zilifika 2,950,000; kwamba mji wa Athkatla peke yake una visa vingi kuliko misitu yote ya mwanzo. Yote hayo ni kweli, lakini ukubwa hautoshi kuwa sababu. Kama ukubwa ungetosha, kila sehemu ya pili ingekuwa bora, maana hapana kazi iliyo rahisi kwa mwenye fedha kuliko kuongeza. Tena kuna hesabu moja iliyokwenda kinyume. Wenzi wa kuchaguliwa, waliokuwa 25, walipunguzwa wakawa 16. Nchi ilipanuliwa, nguvu ziliongezwa, silaha zilizidishwa, bali watu walipungua. Hapo ndipo palipo siri. Watengenezaji waliona kwamba ni heri watu 16 wenye kwao kuliko watu 25 wasio na kwao.

Mchezo wa pili unaanza gerezani, chini ya ardhi, katika mikono ya mchawi Jon Irenicus. Humo mchezaji anawakuta Jaheira na Minsc katika vifungo, na baada ya hatua chache anajua yaliyobaki. Khalid ameuawa. Dynaheir ameuawa. Watu wawili ambao mchezaji wa mwanzo aliwahesabu kwa mishale na kwa uganga wao wamekufa pasipo yeye kushuhudia, na wameacha mjane na mlinzi asiye na wa kumlinda. Jaheira anauona mwili wa mumewe. Kisha safari inaendelea, na hili ndilo jambo jipya: msiba haukwishi mlangoni mwa gereza. Siku nyingi baadaye, katikati ya barabara, wakati mchezaji ana haraka zake, Jaheira anasimama na kutaka kusema. Mchezaji aweza kumsikiliza, aweza kumjibu kwa ukali, aweza kumnyamazisha. Na kila alitendalo lina matokeo.

Ajuaye ngano za mteremkoni atakumbuka hapa habari za vilele viwili vya Kilimanjaro. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kuuacha moto wake uzimike, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Alipewa, akarudi tena kuomba. Na mwisho Kibo alikasirika akamtwanga kwa mchi, na kwa sababu hiyo Mawenzi ana kichwa kilichochongoka na kukatikakatika mpaka leo. Sikio la Mswahili husikia neno mwenzi ndani ya jina hilo, japo jina ni la Kichaga na lina asili yake mbali na neno letu. Ngano ile humpima Kibo zaidi kuliko imlaumuvyo Mawenzi: je, aombaye mara ya tatu ni msumbufu, au ni jirani? Mchezo wa pili humketisha mchezaji katika kiti cha Kibo. Wenziwe huja na haja zao wakati usiofaa, huja tena, nao wako wanaochoka kungoja wakaondoka. Katika mchezo wa kwanza mchezaji aliomba na ulimwengu ukampa. Katika wa pili ulimwengu nao unamwomba yeye.

Mfano wa Keldorn watosha kuonyesha jinsi jambo hili lilivyotendwa. Keldorn ni askari mzee wa dini, shujaa asiye na doa, na kwa kanuni za mchezo wa kwanza angekuwa upanga mzuri na deraya nzito, basi. Katika mchezo wa pili anaomba ruhusa ya kupita nyumbani kwake mjini. Huko inajulikana kwamba mkewe, Maria, aliyeachwa peke yake miaka na miaka kwa ajili ya vita vya haki, amepata faraja kwa mwanamume mwingine. Sheria ya mji ni kali. Mzee akiwashitaki, mwanamume atanyongwa na mke atafungwa, na watoto watabaki. Naye anamgeukia mchezaji na kumwuliza afanyeje. Hakuna alama za uzoefu ziwezazo kuutia uzani mwanana swali la namna hiyo. Mchezaji anagundua kwamba ushujaa alioutumia kwa wiki nzima, upanga ule uliomwokoa mapangoni, ulilipwa na mtu asiyekuwapo: mwanamke aliyekaa na mlango wazi akingoja. Mwenzi ana kwao, na kila siku aliyopo safarini ni siku asiyokuwapo nyumbani. Katika nyumba nyingi za migombani chini ya mlima neno hilo halihitaji kufasiriwa.

Wa mwisho katika mifano ni Yoshimo, mwizi mcheshi ambaye mchezaji hukutana naye gerezani mwanzo kabisa na kumzoea upesi. Karibu na katikati ya hadithi anadhihirika kuwa msaliti. Irenicus alikwisha kumfunga kwa uchawi asioweza kuuvunja bila kufa. Mchezaji hana budi kupigana naye, na baadaye aweza kuuchukua moyo wake hekaluni ili roho yake ipate nafuu. Kisa hiki kingekuwa hila ya kawaida ya wasimulizi, lau si jambo moja: Yoshimo ni kaka yake Tamoko. Katika mchezo wa kwanza Tamoko alikuwa askari mwanamke wa upande wa Sarevok, mmoja wa maadui walioanguka kabla ya mwisho, na wachezaji wengi walimpita pasipo kumwuliza lolote. Mchezo wa pili unasema: yule naye alikuwa dada wa mtu.

Hii ndiyo kauli nzima ya insha hii, na mifano yote imeletwa kwa ajili yake. Sehemu ya pili huishinda ya kwanza pale inaporudi kwa wale waliopitwa. Kuendelea mbele peke yake si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kugeuka nyuma, kuwatazama waliokuwa wamebeba, waliokuwa wamekufa pembeni, waliokuwa hawakuulizwa, na kuwapa majina, nyumba, jamaa na madai. Mchezo ulioanza kwa kuwahesabu watu kama mizigo ulikuja kuihesabu mizigo waliyonayo watu, na mizigo hiyo haiwezi kuhamishwa kutoka mfuko huu hadi mfuko ule.

Mlima nao una historia ya namna hii. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alijaribu kuupanda Kibo akarudishwa na barafu. Mwaka uliofuata hakuufikia hata mlima, kwa kuwa alikamatwa katika vita vya Abushiri na kukombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Safari hii, ya pili kwake mlimani, ilifaulu kwa mpango uliokuwa mpya zaidi ya miguu iliyokuwa hodari. Meyer aliweka kambi ngazi kwa ngazi, na chakula kikaletwa juu kutoka Marangu, katika nchi ya Mangi Marealle, ili watu wa juu wasilazimike kushuka kila waliposhindwa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakaona kilele kingali mbali, wakarudi kambini. Tarehe 6 Oktoba walikifikia. Meyer akakipa jina la mfalme wa Ujerumani, mtu ambaye hakupata kukanyaga hata nyasi za mteremkoni. Tangu nchi ijitawale mwaka 1961 kilele hicho huitwa Uhuru.

Ikiwa siri ya ushindi ilikuwa kambi na chakula, basi siri ya ushindi ilikuwa vichwa vilivyochukua chakula hicho. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 100 habari ile ilisimuliwa kwa majina mawili. Ilikuwa hadithi ya kwanza: wahusika wawili wenye kusema, na wengine wenye kubeba. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100, kamati ya sherehe iliona yafaa kuwapa hati za heshima Waafrika waliofuatana na Wazungu wale. Marangu alikuwapo mzee mmoja, Yohani Kinyala Lauwo, na kamati ikaamua kwamba alikuwa mmoja wao. Hivyo hadithi ya Kibo ikapata sehemu yake ya pili, na jina la tatu likaingia.

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Mzee Lauwo hakuujua umri wake, wala hakuwakumbuka Meyer na Purtscheller. Alichokumbuka ni kuwa aliupanda mlima mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akafuatana na daktari Mholanzi, na kwamba alikwenda bila viatu. Kamati ilikadiria kuwa alizaliwa yapata mwaka 1871, na alifariki mwaka 1996. Hapa pana onyo kwa kila mwandishi wa sehemu ya pili. Kuwarudia waliopitwa ni wema, lakini wema huo waweza kuharakishwa kiasi cha kumpa mtu kumbukumbu asiyokuwa nayo, kwa kuwa hadithi yatuhitaji tumpate. Mzee yule aliuleta ukumbusho wake mwenyewe, nao ulikuwa mzito wa kutosha: miguu mitupu penye theluji. Kumsikiliza sawasawa kungekuwa ni kumwacha awe mtu wa safari zake, hata kama hazikuwa safari za Meyer.

Onyo hilo hilo lageukia mchezo. Mpinzani wa kauli hii aweza kusema kwamba wenzi wale 16 ni vinyago tu; kwamba maneno yao yaliandikwa Edmonton; kwamba Khalid aliuawa ili Jaheira apate kulia, na Jaheira alilizwa ili mchezaji apate kuguswa. Basi mjane naye si mzigo wa namna nyingine, uliobebeshwa huzuni badala ya mishale? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Tena si huzuni tu: Jaheira huyo huyo amewekwa miongoni mwa wanne ambao mchezaji aweza kupendana nao, na mapenzi yakianza juu ya kaburi bichi, msomaji mwenye haya huona uzito.

Jawabu lake ni kwamba fasihi yote ni vinyago, na kipimo hakiwi kama kinyago kina damu, bali ni kama chaweza kukataa. Mwenzi wa mchezo wa kwanza kwa kawaida hakuwa na uwezo wa kusema hapana ila kwa kuondoka. Mwenzi wa mchezo wa pili hubisha, husihi, hukaripia, hugombana na mwenziwe pasipo mchezaji kuamrishwa lolote, na husaliti. Kukataa huko kuliandikwa na watu, ndiyo; lakini kulimlazimisha mchezaji atende tendo ambalo mchezo wa kwanza haukumfundisha, yaani kunyamaza na kusikiliza mpaka mwenziwe amalize. Na dalili kwamba wenzi hao walipata uhai ilionekana baada ya miaka 23. Mwaka 2023 kampuni nyingine, Larian ya Ghent nchini Ubelgiji, ilitoa mchezo wa tatu, wenye wahusika wapya karibu wote. Kati ya wenzi wa kale ni wawili tu waliorudi kufuatana na mchezaji: Jaheira na Minsc. Hawakurudi wale waliokuwa na pinde kali kuliko wote. Walirudi mjane na mlinzi aliyefiwa, wale ambao mchezo wa pili uliwaachia jambo la kukumbuka.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana faida ya kuchukua hapa. Mwandishi kijana akitaka kuendeleza hadithi yake hushawishika kumpa shujaa adui mkubwa zaidi na nchi kubwa zaidi. Na ajaribu kwanza jambo lisilo na gharama: aisome upya sehemu ya kwanza, na kila palipo na mtu aliyefungua mlango, aliyeleta chai, aliyepigwa akaanguka, aulize mtu huyo alirudi wapi jioni ile. Mara nyingi sehemu ya pili iko pale, imeketi kizingitini, inangoja kuulizwa.

Na faida si ya waandishi peke yao. Siku hizi, katika njia za Kilimanjaro, kanuni za hifadhi zimeweka kwamba mpagazi asichukue mzigo unaozidi kilo 20, na mizani ipo langoni. Tangu mwaka 2003 liko shirika la kuwatetea wapagazi, lijulikanalo kwa kifupi KPAP, ambalo hufuatilia ujira wao, chakula chao na mahali wanapolala. Hayo ni matendo ya sehemu ya pili: mlima ni ule ule, urefu wake ni mita 5,895 kama ulivyokuwa, na wageni wangali wanapanda kwa sababu zile zile. Kilichobadilika ni kwamba pale langoni, kabla ya safari kuanza, yupo mtu wa kutazama mpagazi amebeba nini. Mizani hupima kilo, na ni vizuri ipime. Lakini mizani haiwezi kumwuliza mgumu habari za nyumbani kwake. Hilo limeachiwa msafiri anayetembea naye, na njia ni ndefu ya kutosha kwa mazungumzo.